Vichwa vya risasi vya .224: kipi ununue kwa ajili ya kuchakulo na koyote

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma haya mkiwa mmeshasimama mbele ya rafu dukani. Kama una bunduki ya .223 Remington ya kawaida, ambayo hutumia vichwa hivi vya kipenyo cha inchi .224, na unakwenda kuwinda kuchakulo wa nyikani, wale wanene wa mashimoni ambao Wamarekani huwaita prairie dog, chukua Hornady V-MAX ya greni 53 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa). Ikiwa imekwisha, chukua ya greni 50. Usipoteze mchana mzima kulinganisha rangi za ncha.

Nazungumzia hapa kichwa peke yake, kile kinachotoka mtutuni, kwa wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Anayenunua risasi kamili naye atafaidika, kwa sababu vichwa hivi hivi ndivyo vinavyouzwa ndani ya maganda ya kiwandani. Na nazungumzia magharibi ya Marekani, ambako kazi hii ina uwanja wake: Montana, Wyoming, Dakota Kusini, Idaho. Wasomaji wa Kenya, huko uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo haya yawe ya kusoma tu.

Kabla ya orodha, jua kichwa cha aina hii kinatakiwa kifanye nini. Hakitakiwi kupenya na kutokea upande wa pili kama kile cha kumpigia paa. Kinatakiwa kisambaratike mara tu kinapogusa, ili mnyama afe papo hapo na vipande visiruke juu ya ardhi ngumu kuelekea ng'ombe wa jirani. Ndiyo maana gamba lake la shaba ni jembamba, kiini ni laini, na mbele kuna ncha ya plastiki ambayo hurudi nyuma kwa kishindo na kulipasua gamba. Vichwa vyenye gamba gumu lililofunika mbele yote, vile vya mazoezi ya kijeshi, viache kabisa. Vinatoboa tundu dogo, mnyama anakimbilia shimoni kufa polepole, na kichwa chenyewe kinaendelea na safari.

Namba moja basi ni V-MAX ya greni 53, yenye ncha nyekundu. Kinachoshangaza wengi ni kwamba inapasua hewa vizuri kuliko ndugu yake mzito zaidi: Hornady wenyewe wanaipa kipimo cha kupasua hewa cha .290 (kikubwa ndicho bora), ilhali ya greni 55 ina .255. Sababu ni umbo. Pua ya ile ya 53 imechongwa ndefu zaidi. Kwenye uwanda wa Wyoming upepo hauna adabu, na pua hiyo ndefu ndiyo inayokuokoa ukifika yadi 300. Kiwandani huipakia katika .223 kwa kasi ya futi 3,465 kwa sekunde. Tena kwa kawaida ni rahisi kuipata.

Namba mbili ni Sierra BlitzKing, ncha ya kijani, greni 50 au 55. Kwa shabaha tupu, wapo watakaoniambia hii ndiyo ingekuwa ya kwanza, na sitagombana nao. Nimeiweka ya pili kwa bei na upatikanaji tu. Namba tatu ni Nosler Ballistic Tip ya kundi la Varmint, ncha ya rangi ya chungwa. Tofauti ya shabaha kati ya hivi vitatu ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtutu mmoja na mwingine. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kupenda vichwa tofauti, na hakuna mwongozo, ukiwemo huu, utakaokuambia yako inapenda kipi.

Namba nne ni Speer TNT, isiyo na ncha ya plastiki, yenye tundu mbele. Haipasui hewa vizuri kama zile za juu, lakini ndani ya yadi 200 kuchakulo hataiona tofauti, na mfuko wako utaiona. Siku yenye kuchakulo wengi hula risasi kwa mamia. Hapo ndipo hiki cha bei nafuu kinapojipatia heshima.

Barnes Varmint Grenade ya greni 36 nimeiacha nje ya mstari kwa makusudi. Haina madini ya risasi. Kiini chake ni unga wa shaba na bati ulioshindiliwa. California, tangu tarehe 1 Julai 2019, hairuhusiwi kuwinda mnyama yeyote wa porini kwa vichwa vyenye madini ya risasi, koyote (mbwa-mwitu mdogo wa Marekani) na kuchakulo wakiwemo. Kwa hiyo huko hii, au Hornady NTX, ndiyo namba moja. Hata nje ya California ningeifikiria. Kuchakulo waliopigwa huachwa uwanjani, tai na mwewe huja kuwala, na vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyobaki ndani ya mizoga ni sumu kwao. Ubaya wake ni kwamba ni nyepesi, hupoteza kasi mapema, na kwa uzito wake ni ndefu kuliko kichwa chenye madini ya risasi. Urefu huo una maana kwa mtutu.

Sasa jambo ambalo linaharibu pesa za watu wengi kuliko uchaguzi wa jina: msokoto wa mtutu. Mifereji iliyo ndani ya mtutu hukizungusha kichwa kinapotoka, na msokoto hutajwa kwa inchi zinazohitajika kukamilisha mzunguko mmoja. Bunduki nyingi za zamani za .22-250, aina nyingine inayotumia vichwa hivi hivi, zina inchi 14. Za .223 za bolti, zinazokokwa kwa mkono, mara nyingi zina 12 au 9, na zile za mtindo wa AR, zinazojipakia zenyewe, zina 9, 8 au 7. Kichwa kirefu kinataka msokoto wa haraka, yaani inchi chache, la sivyo kinayumba na kufika shabahani ubavu ubavu. Watu husema uzito, lakini ni urefu.

Upande wa pili wa tatizo husemwa mara chache. Chukua kasi kwa futi kwa sekunde, zidisha kwa 720, gawanya kwa msokoto, upate mizunguko kwa dakika. Kichwa kinachotoka kwa futi 3,240 kwenye mtutu wenye msokoto wa inchi 12 kinazunguka mara 194,400. Kitoe kwenye mtutu wenye msokoto wa inchi 7 kwa kasi ile ile na kinazunguka zaidi ya mara 333,000. Vichwa vyenye gamba jembamba kupita kiasi, kama Hornady SX, viliundwa kwa kasi isiyozidi futi 3,500, na kwenye mtutu wa haraka vinaweza kupasuka hewani kabla ya kufika. Unaona mstari wa moshi wa kijivu, karatasi haina tundu, na unaanza kulaumu darubini. Mwenye AR ya msokoto wa inchi 7 asiviguse. V-MAX na BlitzKing zimejengwa kuvumilia zaidi.

Kwa koyote orodha inabadilika. Huyu ana bega, ana mfupa, na anaweza kuwa na kilo kumi na kitu. Kichwa cha greni 40 kinachokwenda mbio kikimgonga begani kinaweza kusambaratika juu juu na kuacha jeraha pana lisiloua. Panda hadi V-MAX ya greni 60 au Ballistic Tip ya 55, na mlenge nyuma ya bega. Anayetaka ngozi ya kuuza ana shida nyingine, kwa sababu kichwa kikitokea upande wa pili kinachana ngozi. Hapo wengine hurudi kwenye uzito mdogo na kungoja koyote akae ubavu. Mimi ningependa mnyama aliyekufa upesi kuliko ngozi nzuri, ila ngozi si biashara yangu.

Vichwa vya mashindano, mfano Sierra MatchKing ya greni 52, vinapiga matundu yaliyobanana kwenye karatasi. Lakini Sierra wenyewe hawavipendekezi kwa uwindaji. Viache kwa ajili ya karatasi.

Kuhusu kalibari ndogo zaidi sina mengi. .204 Ruger, iliyotoka 2004, hurusha greni 32 kwa futi 4,225 na haina mateke ya kukuhamisha jicho kwenye darubini. .17 HMR, ya 2002, ni V-MAX ya greni 17 kwa futi 2,550. Ni tamu hadi yadi 150, baada ya hapo upepo ndio mwenye shamba.

Ukishachagua, nunua sanduku moja la vichwa 100 kwanza, si zaidi. Piga makundi ya risasi tano kwa yadi 100, makundi manne au matano, huku mtutu ukiachwa upoe katikati. Kundi moja zuri la risasi tatu halithibitishi kitu. Unachotafuta ni kundi ambalo matundu yake yote yamo ndani ya inchi moja kwa yadi 100, kwa sababu kwa yadi 300 linakuwa kama sentimita 8, na upana wa kuchakulo haupiti hapo sana. Likikubali, rudi dukani siku hiyo hiyo ununue mafungu makubwa yenye namba ya toleo ile ile.

Na kabla ya pesa kutoka mfukoni, angalia karatasi zako. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa sheria ya shirikisho hapaswi kuwa na bunduki wala risasi isipokuwa awe na msamaha, na mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kisha soma kanuni za jimbo unalokwenda: kuchakulo wa Utah wa aina ya huko huko analindwa na sheria ya shirikisho, na bonde la Conata huko Dakota Kusini limefungwa kwa upigaji wa kuchakulo kwa sababu ya ferreti wenye miguu myeusi, wanyama wadogo adimu wala nyama wanaowategemea kuchakulo hao.