Hoteli ya kifahari kwa mapumziko ya mjini: kwanza ulizia mlango wa pembeni

Malalamiko ninayoletewa kuhusu hoteli za kifahari hayahusu kitanda wala chakula. Yanahusu jirani. Dada mmoja alilipia siku mbili za kupumzika, akakesha akimsikiliza mwanamume wa chumba cha pili akigombana na mkewe kwenye simu, neno kwa neno, mpaka akaamua mwenye makosa ni nani. (Mwanamume.)

Chanzo ni ule mlango wa kuunganisha vyumba viwili, uliowekwa kwa ajili ya familia. Ukuta umejengwa uzuie sauti, halafu wakautoboa. Kwa kawaida milango huwa miwili, mmoja kila upande, lakini kama haina mpira wa kuziba kingo na pale chini pana uwazi wa kupitisha kidole, mnalala chumba kimoja na msiowajua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka kelele za chumba cha kulala zisizidi wastani wa desibeli 30. Maongezi ya kawaida tu hufika kama 60.

Habari za bwawa na mashuka sizigusi. Kwa pesa hizo vikikosekana, dai chako. Nyota nazo msizitegemee sana, kwani hakuna chombo kimoja cha dunia nzima kinachozigawa. Burj Al Arab ya Dubai huitwa ya nyota saba, na hakuna utaratibu rasmi unaozitambua hizo saba.

Kwangu ya kwanza ni Four Seasons, na upendeleo sifichi. Isadore Sharp aliifungua ya kwanza Toronto mwaka 1961, na leo kazi ya kampuni hasa ni kuendesha hoteli; majengo mengi ni ya wenyewe wengine. Kwa hiyo jina la mlangoni halikuhakikishii ukuta. Ninachokilipia ni yule mtu wa mapokezi: ukimwambia unataka chumba kisicho na mlango wa kuunganisha, mbali na lifti, kisichokaa chini ya baa, haulizi kwa nini.

Ya pili ni Park Hyatt au Mandarin Oriental, zote sawa kwangu. Zinazofuata ni za Marriott. Ritz-Carlton, St. Regis na W zote ni za nyumba hiyo, ila W ni ya wapenda muziki na kukesha. Usifuate usingizi kule kisha uje kunililia.

Majumba ya kale nayaweka mwisho. Ufaransa, tangu 2010, hoteli zake bora kabisa huzipa cheo cha Palace, juu ya nyota tano. Kwa macho ni raha tupu. Lakini jengo la kale likilindwa na sheria, dirisha lake la kioo kimoja halibadilishwi kirahisi, na uzuri wa mkakasi mnaujua. Chukua chumba kinachotazama ua wa ndani, picha zisipopendeza potelea mbali.

Mwenye bajeti ndogo atafute nyota nne mpya kwenye mtaa wa maofisi, wikiendi, bei zinaposhuka. Basi.

Sasa wauzaji, jamani. Bei ya mtandaoni ukifika kulipa imeshazaa: kodi, ada ya huduma, ada ya vifaa ambavyo hukuvigusa. Marekani mpaka serikali iliingilia, na tangu Mei 2025 bei ya malazi pamoja na ada zote za lazima, kasoro kodi, sharti ionyeshwe mapema. Tovuti hizohizo zinakuwezesha kuchuja hoteli kwa bwawa, kwa mbwa, hata kwa chaja ya gari, lakini kichujio cha mlango wa kuunganisha sijakiona popote, wakati hoteli ina ramani ya kila chumba! Wananyamaza kwa sababu chumba chenye kelele nacho lazima kiuzwe.

Kwa hiyo piga simu mapokezi ya hoteli yenyewe, siku moja kabla ya kufika, maana wanaopanga vyumba ni wao. Ukiingia, usifungue begi. Chungulia pembeni ya kabati na nyuma ya pazia refu lisilo na dirisha. Ukiuona mlango, shuka na mizigo yako yote, maana ukiiacha juu watakwambia umeshakubali chumba.