Tani kumi na mbili za bolti zilizopotea kwenye skrini tu

Ningeandika mwezi uliopita ningewapa nyota nne, na ningezitetea. Programu hii ya stoo na ankara tunayoilipia kila mwezi ni nyepesi, haikwami intaneti ikisuasua, na Kiswahili chake kimeandikwa na mtu anayekijua. Menyu, vitufe, risiti, vyote safi. Leo nina hasira, na kisa chenyewe ni ujumbe wa mstari mmoja.

Tunauza vipuri na bolti. Ofisi iko Dar, tawi liko Lubumbashi, mzigo unapita Tunduma mpaka Kasumbalesa. Mimi natumia Kiswahili, mwenzangu wa kule anatumia Kifaransa, na hilo ndilo lililotufanya tuichague programu hii: kila mtu na lugha yake. Jioni yeye hupakia hesabu ya stoo, mfumo unaichambua usiku nyuma ya pazia sisi tukiwa tumelala, asubuhi tunakuta majibu.

Asubuhi moja bosi akafungua majibu kabla yangu. Ukurasa wote ni Kiswahili: "Kazi imekamilika", "Tazama matokeo". Katikati, ndani ya kisanduku cha njano, mstari wa Kifaransa: «Écart de stock : 12,500 kg», yaani tofauti ya hesabu ya stoo. Bosi hajui Kifaransa, ila namba anazijua, na kwetu koma hutenga maelfu. Akasoma kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Tani kumi na mbili na nusu za bolti hazionekani! Akafanya ambalo mwenye mali yeyote angefanya: akapiga simu yadi Kurasini, lori lililokwisha kufungwa turubai likazuiwa, dereva akaanza kuhojiwa kama mwizi. Baba wa watu, ametubebea mizigo miaka nenda rudi.

Mfumo unaandika uzito kwa tarakimu tatu za desimali, na Kifaransa huweka koma pale sisi tunapoweka nukta. Kilichopungua ni kilo kumi na mbili na nusu. Mfuko mmoja! Ulikutwa nyuma ya mlango wa stoo kule kule Lubumbashi.

Nikaingia huduma kwa wateja, nikaeleza, nikatuma picha ya skrini. Kijana akanijibu: "Dada, hiyo ni kawaida ya mfumo. Mwambie huyo wa Kongo aweke Kiingereza, mbona wote wanatumia." Nikamwuliza kama lugha tatu walizozitangaza ni mapambo. Akafunga mazungumzo, kikabaki kile kifomu chao cha "Tathmini huduma yetu". Nimetathmini.

Baadaye fundi wao alinipigia mwenyewe, na huyu sina ugomvi naye. Alinieleza bila kuzunguka. Ukurasa unapofunguliwa, mfumo unamjua aliyeufungua na lugha yake. Kazi ya usiku haina mtu mbele yake, kwa hiyo inachukua lugha ya aliyeianzisha, inatunga sentensi nzima pamoja na koma zake, na kuihifadhi hivyo hivyo. Mimi nikija asubuhi naletewa ya mwenzangu. Na zile kazi zinazojianzisha kwa ratiba ni kituko kingine: hazina mwenyewe, basi huja kwa Kiingereza na kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Iliyofanyika hapa Dar saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumanne imeandikwa Jumatatu 23:30. Sasa nikifunga hesabu za siku, nifunge za siku ipi?

Mimi ni mhasibu, programu siandiki, lakini hata mimi naona dawa yake. Hifadhini aina ya tukio na namba tupu: upungufu, bolti, kilo, kiasi gani. Sentensi itungwe pale mtu anapofungua, kwa lugha yake na kwa nukta zake. Barua pepe nazo zitungwe kwa kila anayepokea, si nakala moja ya Kifaransa kwa ofisi nzima. Wala mtu asiniambie kwamba sote tukichagua Kiswahili yamekwisha: kwenye CLDR, hifadhidata ambayo programu nyingi huitegemea kwa mambo haya, Kiswahili cha Kongo huandika desimali kwa koma na cha Tanzania kwa nukta. Lori lingezuiwa vile vile.

Fundi amesema suala wameliweka kwenye orodha. Orodha ina urefu gani, hakusema.

Nyota tatu basi, kwa heshima ya fundi. Hapana, nikikumbuka yule kijana alivyomtaja mwenzangu, mbili. Kuhama hatuhami kwa sasa, maana ankara zetu zote za nyuma ziko humo, na linaloniudhi zaidi ni kwamba nadhani wanalijua hilo. Kama duka lako ni la nchi moja na lugha moja, ichukue, hutaona kasoro. Kama mna wenzenu Goma au Bujumbura, waulizeni kabla ya kulipa matokeo ya usiku yanakuja kwa lugha ya nani, na jibu la kijana wa huduma kwa wateja msilikubali. Dereva wetu alishushwa kwenye lori mbele ya wapagazi, na mpaka leo hao wenye programu hawajamwomba radhi. Nyota moja.