Kisanduku cha betri cha rauta, DC1018P: saa zake za kweli na panapoharibika

Umeme ukipepesa sekunde tatu, taa za ukumbini hurudi papo hapo. Rauta hairudi. Inawaka upya, inatafuta mnara au laini ya fiba, inagawa anwani upya kwa kila simu iliyomo nyumbani, na mpaka intaneti ishike tena zimeshapita dakika mbili hadi tano. Anayetazama video atavumilia. Muuza duka aliyemsimamisha mteja akingoja risiti ya VFMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, hana raha hiyo, wala nyumba ya wageni ya Jambiani inayothibitisha chumba kwa mtu aliyeko Ulaya, wala mwanafunzi aliye katikati ya mtihani wa mtandaoni. Sekunde tatu za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, zinawagharimu dakika tano, na siku ya mvua za masika jambo hilo hujirudia mara nne kabla ya adhuhuri.

Dawa yake ni kisanduku kidogo cha betri kinachoitwa Mini UPS. Kinachojadiliwa hapa ni kile chenye namba DC1018P ubavuni. Si mali ya kampuni moja. Hutoka China kwa majina mengi na sura ile ile, ndiyo maana viwili vilivyopangwa kwenye rafu moja vinaweza kuwa tofauti kabisa ndani. Kwa nje kina tundu la waya wa umeme wa kichwa cha namba nane kama wa redio, tundu la USB la volti 5, tundu la volti 9, tundu la volti 12, matundu mawili ya waya wa mtandao yaliyoandikwa LAN na POE (hili la pili hupitisha umeme ndani ya waya huo huo wa mtandao), swichi, na taa za kuonesha chaji. Jumla ya nguvu kinachoweza kutoa ni wati 18. Namba hiyo ya 18 ishike, itarudi tena.

Kwa kazi ya rauta kinaishinda UPS kubwa ya kompyuta, na sababu yake ni nyepesi. UPS ya 650VA hubeba betri ya risasi ya volti 12, mara nyingi ya saa-ampea 7, yaani wati-saa 84. Inauchukua umeme huo wa betri, inaugeuza kuwa volti 230, kisha chaja ya rauta inaurudisha kuwa volti 12. Safari mbili zisizo na maana, na kila safari inakula chake. Kisanduku hiki hakipandi hadi 230: kinapandisha volti za betri hadi 12 tu, zikaingia moja kwa moja kwenye rauta. Na kwa kuwa rauta inakula kutoka ndani ya kisanduku muda wote, umeme wa ukutani uwepo usiwepo, hakuna ule mruko wa kuhama kutoka huku kwenda kule. Rauta haijui kama umeme umekwenda zake. Hapo kifaa kinastahili sifa kamili.

Sasa yale yanayounguza rauta za watu. Geuza rauta yako usome lebo iliyo chini. Nyingi huandikwa 12V, lakini zipo za 9V, na zipo ndogo za 5V. Matundu ya 9V na 12V ya kisanduku yamekaa jirani, yana umbo moja, na waya zinazokuja nacho zinafanana kama mapacha. Ukiitia rauta ya 9V kwenye tundu la 12V inaweza kuwaka na kufanya kazi wiki nzima huku ikichemka, kisha ikafa. Au ikafa hapo hapo. Ukifanya kinyume, ya 12V ukailisha 9V, itawasha taa na kuzima, itawasha na kuzima, na fundi atakwambia rauta ni mbovu kumbe ina njaa. Bandika kipande cha plasta kwenye kila waya, andika volti yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Msichana wa kazi akihamisha meza siku ya usafi, asilazimike kukisia.

Plagi nayo ina siri. Kwa nje nyingi zina milimita 5.5, lakini tundu la katikati lipo la milimita 2.1 na lipo la 2.5. Plagi ya 2.1 haiingii kabisa kwenye rauta yenye pini ya 2.5, kwa hiyo hiyo utaigundua dukani. Inayosumbua ni plagi ya 2.5 kwenye pini ya 2.1: inaingia vizuri, inawasha, lakini imelegea ndani. Mtu akipita akagusa meza, rauta inazima. Ishike plagi kwa vidole viwili, izungushe nusu duara taa zikiwa zinawaka. Taa ikipepesa, rudisha waya huo ubadilishiwe.

Kuhusu saa, maboksi husema saa 8, mengine hata 10. Fanya hesabu mwenyewe. Kisanduku kilichoandikwa 10400mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) kina betri nne za duara za aina ya 18650, kila moja ya 2600. Namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za betri, si kwa volti 12 za rauta, na hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Zidisha 10.4 kwa 3.7 upate wati-saa 38 na ushei. Toa sehemu moja ya tano inayopotea katika kupandisha volti, unabaki na kama 31. Rauta ya kawaida ya nyumbani, hata ikiandikwa 12V 1A, kwa kawaida hula kama wati 6 tu, kwa hiyo 31 kwa 6 ni saa 5 na kidogo. Ukiongeza kile kisanduku cha fiba cha wati 5, jumla 11, unapata saa 2 na dakika 50 hivi. Toleo la 8800mAh, kwa mzigo huo huo wa wati 11, halifiki hata saa 2 na nusu. Hizo ndizo saa za kifaa kipya chenye betri za haki. Kwa umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, uliomalizika usiku, au fundi wa ZECO aliyepanda nguzo, zinatosha. Kwa giza la miezi mitatu kama lile lililoifunika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, usikitegemee.

Ukikutana na umbo hili hili limeandikwa 20000mAh, liache. Betri ya 18650 iliyo bora kwa kawaida hubeba kama 3500. Nne ni 14000, na kiwanda kinachotumia betri ghali namna hiyo hakiziweki kwenye kisanduku cha bei nafuu kama hiki. Njia nyepesi ya kukamata uongo ni mizani. Betri moja ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo nne peke yake ni 180, bado ganda, bado bodi, bado soketi. Kisanduku kizima kisichofika gramu 200 kimebeba betri mbili, au kimebeba betri zilizojazwa unga. Mwombe muuzaji akiweke juu ya mizani. Muuzaji mkweli hatakataa.

Kupima nyumbani ni hivi. Chaji usiku mzima, si chini ya saa 8, maana chaji yake ya ndani ni ndogo na hujaza polepole. Zima swichi ya ukutani. Ingia ukurasa wa rauta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utazame muda tangu iwashwe: ukiwa haukurudi sifuri, kifaa kimepokea vizuri. Iache mpaka izime yenyewe, andika saa. Tarehe na saa hizo ziandike chini ya kisanduku, urudie jaribio kila baada ya miezi sita. Zikishuka chini ya nusu ya zile za mwanzo, betri zimekwisha.

Kuna dalili moja inayochanganya hata mafundi: kwenye umeme wa ukutani rauta ni nzima, kwenye betri inajizima na kujiwasha kila dakika chache, na taa za kisanduku zinaonesha chaji imejaa. Mara nyingi chanzo ni tundu la USB. Mtu ameona tundu la simu, amechomeka simu. Simu inayonyonya wati 10 pamoja na rauta na fiba za wati 11 zimeshapita ile 18, volti zinashuka, rauta inaanguka. Tundu hilo lizibe kwa plasta. Kama USB ni tupu na tatizo lipo, basi betri moja kati ya nne imechoka, na hapo mita ya fundi itakuonesha: chini ya mzigo, volti 12 isishuke kupita 11.4.

Tundu la POE linahitaji sura yake. Nyumba nyingi za mashamba, na mahoteli ya pwani, hupokea intaneti kwa kidishi cha juu ya paa kinacholishwa umeme kupitia waya wa mtandao. Vidishi vingi vya aina hiyo hutumia volti 24 zinazotumwa moja kwa moja, na DC1018P inazitoa, kwa hiyo kidishi na rauta vinalindwa na kisanduku kimoja. Hilo ni jambo la thamani kubwa na halipewi sifa yake. Waya unaoshuka kutoka paani unaingia POE. Waya wa kwenda rauta unaingia LAN. Ukivibadilisha, volti 24 zinaingia mdomoni mwa rauta, na rauta isiyotengenezwa kuzipokea huungua tundu. Kabla ya kuchomeka, soma chaja ya zamani ya kidishi. Ikisema 24V, sawa, hakikisha kiswichi cha kuchagua volti za POE kiko 24 na si 15. Ikisema 48V, usijaribu. Hicho si kifaa chake. Na ujue kwamba njia hii hutumia jozi mbili za nyaya kubeba umeme, kwa hiyo mara nyingi kasi inaishia megabiti 100 kwa sekunde. Vifurushi vingi vya majumbani havifiki huko.

Chumvi na joto ndivyo adui wa kisiwani. Ukiichomoa plagi iliyokaa mwaka mmoja katika nyumba inayoelekea bahari, Mkoani au Shangani, utaona ukungu wa kijani mdomoni mwa shaba, laini kama unga wa manjano uliopotea rangi. Ukungu huo ni ukinzani: volti zinapotea hapo, plagi inapata moto, plastiki yake inakuwa ya hudhurungi. Kila miezi mitatu zima, chomoa, futa kwa pamba na spiriti safi, subiri ikauke, rudisha. Na kisanduku usikibebeshe rauta mgongoni. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa siku zote huchoka kwa joto, na joto la kaskazi ndani ya kabati lililofungwa linatosha kuimaliza mapema. Kitenge pembeni, kiwe wima, shubiri moja mbali na rauta. Ganda likianza kupasuka kwenye mshono au kikatoa harufu tamu ya dawa, kitoe nje ya nyumba, usikichaji tena, usikitupe motoni.

Kuhusu umeme wenyewe, kinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme dhaifu wa jioni haukisumbui. Umeme unaorudi kwa kishindo ndio unaokiumiza, maana ndani hakuna kinga ya maana. Kichomeke nyuma ya kinga ya tivii, ile inayongoja kidogo kabla ya kupitisha umeme. Kungoja huko hakutakuudhi, betri ipo. Waya unaokuja nacho huwa wa plagi ya miguu miwili. Nunua waya wa namba nane wenye plagi ya miguu mitatu badala ya kuubana kwa kijiti au adapta inayolegea.

Kabla hujakilaumu, tofautisha kosa lake na la nje. Umeme ukikatika na intaneti ikapotea, fungua dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt) uandike ping 192.168.1.1, anwani ya rauta yako, kisha ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikanyamaza, kisanduku kimefanya kazi yake. Kilichozima ni mnara, au kituo cha kurushia kilicho juu ya paa la jirani, au swichi ya jengo isiyo na betri. Wapigie watoa huduma uwaambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, maana swali lao la kwanza litakuwa kama rauta yako inawaka.

Kwa rauta ya 4G au ya fiba, kwa kidishi cha paa, kwa duka na ofisi ndogo, nunua toleo la 10400mAh lililopita kwenye mizani. Kwa rauta ya 5G iliyoandikwa 12V 2A au zaidi, usinunue hiki. Tafuta chenye tundu la 12V 3A, au kitazima siku ya kwanza watu wote wa nyumba watakapoingia mtandaoni pamoja.