TAHADHARI: Yule kaka wa boti za "mianga ya kaskazini" Kibirizi

Jamani nimepigwa, tena kweupe. Ni yule yule niliyewasimulia harusini, anayepakia watu kwenye boti usiku kwenda katikati ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, eti kuona aurora, ile mianga ya rangi angani. Elfu 40 nauli, elfu 15 "lenzi". Mume wangu hajui ya lenzi, msinichome.

Kabla hamjaniita mjinga: juzi Jumamosi, 11/5/2024, nani hakutumiwa zile picha? Dhoruba ya jua, yaani jua kurusha chembe zake mpaka huku kwetu na kuwasha hiyo mianga, kubwa kuliko zote tangu 2003, aurora imeonekana mpaka Mexico. Na kaka anaongea kama mwalimu, anakueleza kijani kinatokana na oksijeni kilomita mia na ushee juu. "Mexico wameona, Kigoma tuna nini?" Tena kila abiria kapewa boya jipya, bado lina nailoni. Tapeli gani anagawa maboya?

Katikati ya ziwa akazima injini. "Tulieni, inakuja." Tukanyamaza, mama mmoja akaanza kusali. Mara huko upande wa Kongo, chini kabisa karibu na maji, mwanga. "Hiyooo!" Nikabana lenzi kwenye simu, nikapiga. Kijani! Nikaweka status hapo hapo, "Kigoma na sisi tumo". Watu 61 wameiona kabla sijafuta. Ule mwanga ukasogea, ukasogea, tukasikia mtu anakohoa, kisha anauliza, "Nyie, mna sigara?"

Wavuvi wa dagaa. Na taa zao za sola.

Asubuhi naitazama hiyo lenzi: kipande cha plastiki ya kijani. Hata mbuzi ukimpiga nayo anatoka aurora.

Kinachoniuma, mimi napiga picha za harusi mwaka wa tisa huu. Picha ya aurora kamera inakaa kwenye stendi, imetulia, inavuta mwanga sekunde 5 mpaka 15. Kwenye boti inayoyumba! Nilijua, nikanyamaza.

Haya, dalili. Ametuelekeza magharibi, wakati kaskazini ni kule Gombe. Picha "aliyopiga Kibirizi Ijumaa" ina theluji pembeni, nimeiona leo. Halafu mwanangu ananiambia mianga hiyo inazunguka huko karibu na ncha ya dunia, Tromsø huko Norwei, sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Namba ya kulipia jina la mwanamke, sijui nani.

Akamatwe! Arudishe hela mbele za watu, avishwe lenzi zake zote shingoni azungushwe soko zima. Boti yenyewe ya kuazima.

Na Jumamosi hii anapakia tena. Kapandisha, elfu 50.