Shilingi 20,000 za kuomba hesabu za kituo cha afya: tathmini ya huduma ya kupata habari za serikali Uganda

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala dirisha lake maalumu, lakini ina bei, ina muda wa kukamilika na ina mahali pa kulalamikia, kwa hiyo inastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote ambayo mwananchi huilipia. Ni huduma ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, inayotokana na ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Aprili 2006. Bei yake, shilingi 20,000 zisizorudishwa, iliwekwa na kanuni za mwaka 2011, na muda wake ni siku 21, ambazo ofisi inaruhusiwa kuziongeza mara moja tu kwa siku nyingine zisizozidi 21. Niliitumia, kwa makubaliano na majirani tunaotibiwa pamoja, kutafuta hesabu za fedha za kituo cha afya cha daraja la tatu katika wilaya ambayo sitaitaja. Maoni yangu ni kwamba sheria yenyewe ni bora kuliko huduma inayotolewa kwa jina lake, na kwamba mwombaji anayejua jina la hati anayoitaka hupata mengi kuliko yule anayeuliza fedha zimekwenda wapi.

Sababu ya jambo hilo iko katika namna fedha za afya zinavyosafiri. Tangu Machi 2001, serikali ilipofuta malipo ya wagonjwa katika vituo vyake, kituo cha serikali hutegemea Hazina, lakini si fedha zote zinazotajwa kwa jina la kituo zinazopita mikononi mwa inchaji, yaani mkuu wa kituo hicho. Mishahara ya wauguzi, wakunga na matabibu hulipwa moja kwa moja katika akaunti zao. Fedha za dawa, tangu mwaka wa fedha 2009/10, zimewekwa katika fungu la bajeti namba 116, ambalo ni la Bohari ya Taifa ya Dawa, yaani NMS. Bohari ndiyo inayonunua dawa na kuzisambaza kwa mizunguko sita kwa mwaka, na vidonge vyake hupigwa chapa ya kueleza kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi. Kinachobaki ni ruzuku ya huduma ya afya ya msingi isiyo ya mishahara, ambayo wengi huiita PHC, na ambayo hutumwa kila robo mwaka katika akaunti ya benki ya kituo kwa ajili ya usafi, umeme, mafuta ya pikipiki, safari za chanjo vijijini na matengenezo madogo.

Mwananchi anayeandika kwamba anaomba kujua bajeti ya kituo chao, kwa hiyo, huenda akajibiwa kwa ukweli kamili na bado asijue lolote, kwa sababu wilaya itampa hesabu ya ruzuku peke yake, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote, na malalamiko ya watu kwa kawaida hayahusu ruzuku bali yanahusu dawa zilizokwisha kabla ya mzunguko mwingine kufika. Hapo hakuna aliyemdanganya. Karatasi za mishahara ziko katika ofisi nyingine, za dawa ziko bohari na kwenye stoo ya kituo, na anayeuliza swali moja la jumla huachiwa kazi ya kugundua mwenyewe kwamba alipaswa kuuliza matatu. Sheria inamtaka afisa amsaidie mwombaji, na inamtaka pia aihamishie barua kwenye ofisi nyingine ikiwa habari zinazotakiwa ziko huko, lakini si busara kuutegemea wema huo.

Ndiyo maana barua tuliyoipeleka haikuwa na swali hata moja. Iliomba nakala za taarifa za benki za akaunti ya kituo kwa mwaka wa fedha uliokwisha, taarifa za matumizi za kila robo ambazo inchaji huzipeleka wilayani, hati za kupokelea dawa zilizotiwa saini mzigo ulipofika, na kumbukumbu za vikao vya kamati ya usimamizi wa kituo vilivyojadili matumizi ya ruzuku. Kila kimoja kati ya vitu hivyo ni karatasi ambayo mtumishi wa serikali hulazimika kuwa nayo ili wakaguzi wasimpate na hoja, na karatasi iliyopo haiwezi kujibiwa kwa insha. Ukiomba maelezo, utaandikiwa maelezo, na mwandishi wake atakuwa mtu yule yule ambaye ungependa kumhoji. Ukiomba taarifa ya benki, ofisi ina njia tatu tu: kuitoa, kuinyima kwa kutaja kifungu cha sheria, au kunyamaza, na zote tatu zinakufundisha kitu.

Barua hupelekwa kwa afisa habari, na kwa mujibu wa sheria afisa huyo ni mkuu wa taasisi yenyewe. Katika wilaya ni Afisa Mkuu wa Utawala, ambaye kila mtu humwita CAO. Kwa vitendo utakutana na masijala, na hapo ndipo huduma inapoanza kupungua uzito. Karani alitupokea kwa heshima zote, akatuita wazee wangu, kisha akauliza tunazitaka karatasi hizo za nini na ni chama gani kilichotutuma. Swali la kwanza halina nguvu kisheria, kwa kuwa sheria inasema wazi kwamba haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji wala na sababu ambayo afisa anamdhania kuwa nayo, na mwaka 2015 mahakama ya hakimu mkuu ililisisitiza hilo katika shauri ambalo taasisi ya waandishi wa habari za uchunguzi iliishtaki Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Hata hivyo simlaumu sana karani. Watumishi wa umma wa nchi hii wamelelewa chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964, ambayo haijafutwa, na mtu aliyeapishwa kutunza siri hawezi kugeuka mtoa habari kwa sababu tu sheria mpya imepitishwa Kampala. Tulimjibu kwamba tunatibiwa pale, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, na muhuri huo, pamoja na risiti ya malipo, ndivyo vitu vyenye thamani kubwa kuliko vyote ambavyo mwombaji huondoka navyo siku ya kwanza, kwani siku 21 huhesabiwa kutokana navyo.

Kuhusu malipo, shilingi 20,000 si nyingi kwa shirika lenye mfadhili, lakini kwa mama anayeuza ndizi karibu na lango la kituo hicho hicho ni fedha nyingi za kulipia karatasi ambazo hana hakika ya kuzipata. Tena zinalipwa kabla ya kujua kama ombi litakubaliwa. Sheria imemfikiria vizuri zaidi mtu asiyejua kusoma au mwenye ulemavu, maana inamruhusu aombe kwa mdomo na inamtaka afisa aliandike ombi lake na kumpa nakala; ni kifungu kizuri ambacho sijapata kukiona kimebandikwa katika masijala yoyote niliyoingia.

Majibu yalikuja baada ya muda wa sheria kupita, bila barua yoyote ya kuuongeza, na yalikuja nusu. Taarifa za benki zilikuwemo zote, zikiwa zimenakiliwa kwa mashine iliyokaribia kuishiwa wino, na nazikiri kuwa ndizo zilizofidia gharama yote, kwa sababu zinaonyesha tarehe halisi ambayo ruzuku ya kila robo iliingia. Ruzuku iliyochelewa kuingia hadi mwishoni mwa robo inaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini nyasi zilikua mpaka dirishani na kwa nini safari za chanjo ziliahirishwa, na mara nyingi kosa la aina hiyo si la inchaji. Kwa kweli, baadhi ya shutuma zilizokuwa zikimwandama pale mtaani zilikufa siku tuliposoma tarehe hizo. Taarifa za matumizi zilikuwa na vichwa vya jumla mno, kama vile usimamizi na uendeshaji, bila vocha zozote kuambatanishwa. Hati za kupokelea dawa hazikuwemo kabisa. Tuliambiwa kwa maneno kwamba ziko kwa msimamizi wa stoo, wakati ambapo kisheria ofisi inayokataa inatakiwa kutoa sababu zake kwa maandishi. Kumbukumbu za vikao zilitolewa, na nusu ya kurasa zake zilihusu uzio.

Jambo jingine la kuudhi ni kwamba kila kitu kilikuja kwenye karatasi, hata zile hesabu ambazo ni dhahiri zilipigwa chapa kwenye kompyuta. Anayetaka kujumlisha au kulinganisha robo na robo lazima aziingize tena tarakimu moja moja. Kwa hiyo nashauri barua itaje kabisa kwamba hati zilizopo kwa mfumo wa kielektroniki ziletwe hivyo hivyo, kwa sababu sheria inahesabu kumbukumbu za kielektroniki kuwa habari sawa na zile za karatasi.

Kabla ya kulipa, hata hivyo, mtu atumie kwanza vya bure. Wizara ya Fedha ina tovuti ya bajeti, ambako mgao wa wilaya na ruzuku zake hupatikana. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilisha ripoti yake Bungeni kila mwaka ifikapo 31 Desemba, na sehemu zinazohusu hospitali na serikali za mitaa husomeka bila shida na mtu yeyote mwenye subira. Ubao wa matangazo wa kituo nao unapaswa kuonyesha fedha zilizopokelewa robo hiyo. Wasioamini ubao wakumbuke yaliyotokea katika elimu: uchunguzi wa fedha za shule za msingi uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa, serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na sehemu iliyofika shuleni ikapanda sana. Njia hizi za bure zinakuambia kilichotumwa; barua ya shilingi 20,000 inafaa kwa kile kilichotumika, ambacho kwa kituo kimoja kimoja ni vigumu kukikuta kimechapishwa.

Mwaka 2014 ilianzishwa pia AskYourGov, tovuti ya ushirikiano wa serikali na mashirika ya kiraia, ambapo ombi na jibu lake viliwekwa hadharani kila mtu asome. Ilifuata mfano wa WhatDoTheyKnow ya Uingereza, inayotumiwa sana na wanaouliza hesabu za huduma ya afya ya umma ya huko, NHS. Uzuri wake ulikuwa kwamba uliweza kusoma maombi ya wengine na kuazima maneno yao. Tofauti iliyopo haitokani na tovuti: Uingereza mwombaji halipi ada ya kuomba, ana siku 20 za kazi za kusubiri, na akinyimwa humwendea Kamishna wa Habari bila kuajiri wakili.

Jirani zetu nao wanatuzidi hapa na pale. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2016, ina siku 21 kama sisi, lakini haitozi ada kwa kuwasilisha ombi, inataka habari zinazohusu uhai au uhuru wa mtu zitolewe ndani ya saa 48, na imekabidhi malalamiko kwa tume. Tanzania, kwa sheria ya mwaka huo huo, imejiwekea siku 30. Uganda ilitangulia wote wawili kwa zaidi ya miaka kumi, na bado anayenyimwa habari hupelekwa moja kwa moja kwa hakimu mkuu, na asiporidhika hapo, Mahakama Kuu.

Njia hiyo ya mahakama ni nzito, ila ina jambo moja lililoandikwa vizuri: afisa asipojibu ndani ya muda, anahesabiwa kuwa amekataa, kwa hiyo ofisi haiwezi kumchosha mwombaji kwa kimya bila kujifungulia shauri. Kinga ambayo ofisi hukimbilia zaidi katika masuala ya fedha kubwa ni siri ya biashara ya mtu wa tatu, na katika afya mfano unaofahamika na wengi ni hospitali ya Lubowa, mradi wa mwekezaji binafsi, ambayo Bunge liliiidhinishia hati za ahadi za malipo za dola milioni 379.7 mwaka 2019. Dhidi ya kinga hiyo sheria inasema kwamba sehemu isiyozuiwa ya hati itenganishwe na kutolewa, na kwamba habari za siri zitolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara. Kwa kituo cha daraja la tatu kinga hiyo haina nafasi, kwa kuwa sabuni na mafuta ya pikipiki havina siri ya biashara.

Hati za dawa tumeziomba tena kwa barua ya pekee, safari hii tukitaja mzunguko kwa mzunguko na jina la fomu yenyewe, na nakala imepelekwa kwa ofisa wa afya wa wilaya. Majina ya wagonjwa tumeandika wazi kwamba hatuyahitaji, ili asiwepo wa kutuambia kwamba faragha ndiyo iliyomzuia.