Thadi pati ya pikapu yangu Busia: inalipa nini na inaishia wapi

Nina pikapu ya kubebea mahindi na maharage, Busia upande wa Uganda. Thadi pati, yaani bima ya lazima ya gari, naikata kila mwaka kwa sababu ile ile ya kila mtu hapa: trafiki. Sheria ya 1989 inataka kila gari linaloingia barabarani, hata boda, liwe na bima ya kumlinda mtu mwingine. Mtu mwingine, si wewe wala gari lako.

Kukata hakuna shida. Unatoa namba ya gari, unalipa kwa simu, stika unaipata kabla chai haijapoa. Hapo nawapa tano juu ya tano. Kwenye kulipa madai, mbili na nusu.

Mwaka jana dereva wangu aligongana na kijana wa boda karibu na Bugiri. Kijana alivunjika mguu chini ya goti, foko ya boda, vile vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele, ikapinda. Kampuni (siitaji) ikataka ripoti ya polisi, kopi ya leseni, fomu ya daktari na risiti zote za hospitali. Risiti moja jina la kijana lilikosewa herufi moja. Ikarudishwa! Ikabidi turudi hospitali, iandikwe upya na kugongwa muhuri. Muda wote huo mama yake ananipigia asubuhi: "Hajji, hao watu wa bima wanasemaje?"

Walilipa hatimaye, shilingi milioni 1. Ndicho kikomo cha sheria kwa mtu mmoja, na milioni 10 kwa ajali nzima, hata waumie abiria wangapi. Chuma cha mguu peke yake kilipita hapo, iliyobaki nikaitoa mimi. Foko nayo nikailipa mimi, maana thadi pati ya lazima hapa Uganda inaangalia mwili na uhai, haigusi mali. Kwa hilo siwalaumu kampuni, walilipa walichotakiwa. Mzunguko wa makaratasi ndio wao.

Kinachonikera zaidi ni hili. Ukivuka mpaka na kadi ya njano ya COMESA, ile ya kufanya thadi pati yako itambulike nchi jirani, bima inafuata sheria ya nchi uliyoingia, na Kenya kikomo cha mtu mmoja ni milioni 3 za Kenya, yaani zaidi ya milioni 70 za kwetu. Pikapu ile ile, dereva yule yule, lakini anayegongwa Bumala, upande wa Kenya, ana haki ambayo wa Bugiri haioti. Sijui wabunge wetu hupita barabara ipi.

Nimekata tena, ndiyo. Bila stika hata ile milioni ingetoka kwangu, na kesi juu yake. Ila safari hii nimeongezea bima ya mali za watu na kikomo kikubwa zaidi cha majeraha. Wakala hakuitaja mpaka nilipomuuliza, na bei haikunitisha kama nilivyodhani. Muulize mwenyewe, kisha usome kikomo kwenye mkataba, usitegemee maneno ya mdomo. Angalia pia kama kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima. Hao hao ndio wa kuwapelekea malalamiko ukizungushwa.

Na risiti za hospitali, soma jina herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani kwa keshia.