Rotorua kwa Siku Moja: Uliza Kwanza Basi Linafika Saa Ngapi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua safari ya siku moja ya kwenda Rotorua, Nyuzilandi, yenye mwongozaji: majimoto, tope linalotokota na utamaduni wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Ukilala Rotorua kwenyewe, safari hii lipia bila wasiwasi. Ukianzia Auckland, pima vizuri, na sababu ni barabara. Ni kama kilomita 230, yaani saa tatu kwenda na saa tatu kurudi pasipo foleni. Saa sita zimeishia kitini. Zipo zinazochomekea na mapango ya Waitomo siku hiyo hiyo, hizo ziacheni. Mtafika kila mahali na hamtakaa popote.

Sasa uhondo wenyewe. Kusini ya mji, kama kilomita 30, kuna bustani ya majimoto ya Wai-O-Tapu. Kwa Kimaori wai ni maji, tapu ni kitu kitakatifu, kilichowekewa mwiko. Hapo kuna chemchemi inayofoka, Lady Knox, na kila siku saa nne na robo asubuhi mhudumu anaimwagia sabuni mdomoni. Chini kuna maji ya moto mno, juu yamelala maji yenye baridi kidogo yanayoyakandamiza. Sabuni inalegeza utando wa maji, matabaka yanachanganyika, mvuke unapata njia. Kwanza linatoka povu jeupe, taratibu, kama chai ya maziwa inayofurika sufuriani. Kisha maji yanaruka mita 10, hata 20. Waliogundua siri hiyo ni wafungwa waliokuwa wakifua nguo hapo, mwaka 1901.

Basi lililotoka Auckland saa moja asubuhi haliwahi, na jioni hakuna marudio. Tena chemchemi yenyewe haiko ndani ya bustani kuu: mnakata tiketi mapokezi, mnarudi garini, mnasogea kidogo. Kundi likikwama kwenye foleni ya tiketi, mnakuta mawe yaliyolowa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulize mwenye safari: Lady Knox imo? Mnafika saa ngapi?

Ndani ya bustani, nendeni polepole kwenye bwawa la moto liitwalo Champagne Pool. Upana wake ni kama mita 65, kina kama 62, na maji ya juu yana joto la nyuzi 74 hivi. Tazameni ukingo: utepe wa rangi ya chungwa, mnene kama ukoko, kisha ghafla maji ya kijani, na viputo vinapanda bila kukoma. Viputo ni kaboni dioksaidi, ile ile ya kwenye soda. Rangi ya chungwa ni aseniki na antimoni zilizoshikana na salfa, kwa hiyo mkono usiguse. Asubuhi ya baridi mvuke unafunika kila kitu. Subirini upepo ugeuke, na kitambaa kikavu cha kufutia lenzi kiwe mfukoni.

Harufu ya mayai viza itawapokea tangu mjini. Ni gesi ya salfa, na gesi hiyo hiyo inafanya pete na mikufu ya fedha kuwa myeusi. Acheni hotelini. Mwenye pumu abebe dawa yake.

Te Puia, bustani ya majimoto na utamaduni katika bonde la Whakarewarewa mjini Rotorua, ndiko iliko Pōhutu, chemchemi nyingine inayofoka. Hufoka mara moja au mbili kila saa, hadi mita 30. Mkiona jirani yake, Prince of Wales Feathers, ameanza kurusha maji, msiondoke: mara nyingi yeye ndiye mpiga mbiu. Miaka ya 1980 chemchemi hizi zilikuwa zikififia kwa sababu watu walichimba visima kuvuna joto la ardhini, mpaka serikali ikafunga visima vilivyokuwa ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pōhutu, na maji yakarudi. Wanaoishi karibu na joto la ardhini la Olkaria au Bogoria, kule Kenya, habari hii inawahusu. Hapo hapo Te Puia kuna shule ya uchongaji. Simameni muone patasi inavyofuata mviringo wa mti. Safari nyingi hutoa dakika chache mno kwa sehemu hii, na hiyo ni kasoro kubwa.

Mapokezi ya Kimaori, pōwhiri, si maigizo. Shujaa anakuja na silaha, macho yamemtoka, ulimi nje, anaweka jani chini. Aliyeteuliwa kuwa kiongozi wa wageni analiokota bila kumwondolea macho. Msicheke, msimwige. Kuingia nyumba ya mikutano, viatu vinabaki nje. Salamu ni hongi: pua kwa pua, paji kwa paji, mguso mwepesi, mnashiriki pumzi. Si busu, na hakuna haraka.

Chakula ni hāngī: nyama, viazi, boga na kumara, yaani viazi vitamu, vimeivishwa kwa mawe ya moto shimoni au kwa mvuke wa ardhi. Ladha ni ya moshi na udongo kidogo, nyama inachambuka yenyewe. Lakini nguruwe huweza kupikwa pamoja na kuku na kondoo, mvuke mmoja. Ndugu Waislamu, ulizeni halali siku ya kulipia, maana mkifika mezani shimo limeshafunuliwa.